Nani Atairithi Skripti? Otomatiki ya Michezo ya Mtandaoni Inapozeeka

Tarehe 14 Novemba 2017 shirika la Mozilla lilitoa toleo la 57 la kivinjari cha Firefox. Kilikuwa chepesi na chenye kasi kuliko watangulizi wake, na wengi walikipokea kwa shangwe. Kwa wachezaji wa michezo ya kivinjarini, hata hivyo, siku hiyo ilikuja na msiba mdogo. Viongezo vyote vya mfumo wa zamani vilizimika. Greasemonkey, kiongezo kilichoendesha skripti zao kwa zaidi ya mwongo mmoja, kilitoka na toleo la nne lisiloelewana na skripti nyingi za awali. Skripti ya kuhesabu meli za adui, ya kupanga majeshi, ya kupiga hesabu ya mavuno: zote kimya. Waandishi wake hawakuwa wamegusa hata herufi moja.

Skripti hizi ni programu ndogondogo zinazoandikwa na wachezaji wenyewe, aghalabu bila malipo, ili mashine ifanye sehemu ya mchezo inayochosha vidole. Asili yake ni ya kale kuliko wavuti. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, mchezo wa maandishi matupu wa watu wengi, akaja kusaidiwa na Richard Bartle. Kufikia miaka ya 1990 michezo ya ukoo huo ilikuwa imezagaa, na wachezaji walikuwa na programu kama TinTin na zMUD zilizosoma kila mstari unaotoka kwenye seva na kuujibu papo hapo: ikitokea sentensi kwamba una kiu, tuma amri ya kunywa maji. Kisha Aaron Boodman akaanzisha Greasemonkey mwishoni mwa mwaka 2004, na mtu yeyote aliyejua JavaScript kidogo akaweza kuubadilisha ukurasa wa mchezo upendavyo moyo wake.

Tatizo ni kwamba michezo hii imekataa kufa. Tribal Wars na Kingdom of Loathing ni za mwaka 2003, World of Warcraft ya Novemba 2004, na zote bado zina wachezaji. Aliyeandika skripti akiwa mwanafunzi wa miaka 19 sasa ni mtu mzima mwenye kazi, mkopo na watoto, na huenda hajafungua mchezo huo kwa miaka kumi. Kazi ya mikono yake bado inatumika kila siku na watu asiowajua, ambao wengi wao hawana habari kwamba nyuma yake hakuna mtu.

Wakati mwingine hata ghala linalozihifadhi hutoweka. Userscripts.org, soko kuu la skripti za Greasemonkey, liliachwa bila usimamizi hadi likazimika mwaka 2014. Wachezaji walionusurika ni wale walioukuta mchango wao umenakiliwa na watu wengine waliojitolea. Greasy Fork, lililoanzishwa mwaka huohuo, likachukua nafasi yake, na kati ya kanuni zake ipo moja ya busara: msimbo usifichwe wala usipotoshwe kwa makusudi. Mtu akitoweka, angalau alichokiacha kisomeke.

Watu husema skripti imezeeka kana kwamba msimbo huota kutu. Msimbo hauoti kutu. Kinachosogea ni tabaka tatu zilizo chini yake, na kila tabaka lina kalenda yake. La juu kabisa ni mchezo wenyewe: kitufe kinahamishwa, jina la bidhaa linabadilishwa, ukurasa unachorwa upya. Chini yake ni jukwaa, yaani kivinjari au programu inayoendesha mchezo. Flash ilipozimwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2020, michezo mizima ilikwenda nayo, FarmVille ya awali ikiwemo, na kila skripti iliyoning'inia humo ikafuata. Google nayo ilianza mwaka 2024 kuviondoa viongezo vya Chrome vya mfumo wa zamani. Skripti za watumiaji zimebaki, ila mtumiaji sasa lazima aingie kwenye mipangilio na kuziruhusu kwa mkono wake. Tabaka la chini kabisa ni lugha ya programu. AutoHotkey, lugha inayopendwa kwa kubonyezesha vitufe kwenye Windows, ilitoa toleo la 2.0 mwezi Desemba 2022 likiwa na sarufi tofauti. Faili la miaka kumi iliyopita halifanyi kazi humo mpaka litafsiriwe.

Kati ya tabaka hizo tatu, mchezo ndio unaoshtua kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mwandishi wa skripti huishi ndani ya mchezo, huliona badiliko lake siku lilipotokea. Ni nadra kumkuta akisoma matangazo ya wahandisi wa kivinjari.

Skripti inayokufa kabisa haina madhara makubwa, kwa kuwa mwenyewe huliona kaburi. Ya kuogopwa ni ile inayoendelea kufanya kazi nusunusu. Skripti nyingi za kale hazina namna ya kuuliza kama zinachokisoma ndicho zilichotarajia. Huchukua nambari iliyo kwenye safu ya nne ya jedwali na kuiita bei. Mtengenezaji wa mchezo akiongeza safu mpya kushoto, skripti itasoma kiasi cha bidhaa na kuiuza kwa "bei" hiyo, bila kulalamika, usiku kucha. Ndiyo maana ukarabati wa kwanza wa maana kwa skripti ya zamani hauongezi uwezo wowote mpya. Unaifundisha kusimama pale isipoelewa.

Mfano bora wa skripti zilizozeeka bila kufa unapatikana katika Kingdom of Loathing, mchezo wa kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Asymmetric Publications, wenye wahusika wa vijiti vilivyochorwa kama kwa kalamu ya mtoto na vichekesho visivyo na kikomo. Mchezaji hupata zamu chache kwa siku, 40 za kuanzia na nyingine anazozipata kwa kula na kunywa. Akizimaliza, anasubiri kesho. Kwa sababu ya kikomo hicho mashine haiwezi kumzidi binadamu kwa kukesha, na waendeshaji wa mchezo hawakuona haja ya kupambana na otomatiki kama wenzao wanavyofanya. Wakati wengine wanawinda skripti, huku zilipewa nafasi ya kukua hadharani.

Matokeo yake ni KoLmafia, programu ya Java yenye chanzo huria inayoucheza mchezo huo kwa niaba ya mtu. Ilianza karibu na umri wa mchezo wenyewe, ikakaa miaka mingi kwenye ghala la msimbo la SourceForge, na mwaka 2021 msimbo wake ukahamishiwa GitHub. Ndani yake ina lugha yake yenyewe ya skripti, ASH, na maelfu ya mistari iliyoandikwa na wachezaji kwa lugha hiyo imetapakaa kila mahali.

Siri ya uhai wake mrefu ni ya kawaida kabisa. Maarifa kuhusu mchezo hayakuzikwa ndani ya msimbo. Yaliwekwa pembeni, katika mafaili ya maandishi ya kawaida: orodha ya vitu vyote, ya wanyama wote wa kupigana nao, ya maeneo na nani anaishi wapi. Mchezo huu hutoa kitu kipya cha kuuzwa kila mwezi, na mara kadhaa kwa mwaka huleta njia mpya ya kuucheza yenye masharti yake. Kungekuwa na haja ya kuandika upya programu kila mwezi, watunzaji wangechoka mwaka wa kwanza. Badala yake, mchezaji asiyejua Java hata chembe anaweza kufungua faili, kuongeza mstari mmoja wenye jina la mnyama mpya na nguvu zake, na kuutuma mchango huo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la KoLmafia linaandikwa na wengi.

Kuna pia bahati. Kurasa za Kingdom of Loathing ni za mtindo wa mwaka 2003, na hazijabadilika sana tangu hapo. Mchezo ambao kampuni yake huajiri wasanifu kila mwaka ili waupake rangi mpya haungeipa jamii yake utulivu kama huo.

Lakini hata katika mazingira hayo mazuri, suala la kurithi lilijitokeza. Mojawapo ya skripti kubwa kwenye KoLmafia ni ile inayoimaliza hadithi nzima ya mchezo tangu mwanzo hadi mwisho bila mkono wa mtu. Ilianza kama kazi ya mchezaji mmoja, ikiitwa cc_ascend. Mwenyewe alipoacha, mwingine aliichukua, akaiita sl_ascend. Baadaye kundi la watu likaichukua na kuipa jina lisilobeba alama ya mtu yeyote: autoscend. Mabadiliko hayo ya majina yanaeleza historia nzima. Viambishi viwili vya mwanzo vilikuwa alama za watu. Cha tatu hakimtaji mtu.

Wakati huohuo kizazi kingine kiliamua kutorithi. KoLmafia ilipoanza kuruhusu skripti za JavaScript, vijana waliozoea lugha ya TypeScript kazini waliandika upya mambo ambayo ASH ilikuwa ikiyafanya, wakaunda maktaba ya pamoja, libram, na juu yake skripti kama garbo, inayotumia zamu za siku kutafuta fedha ya mchezo kwa hesabu kali. Pande zote mbili zinaendelea kuishi sambamba. Mtu anaweza kusema ni upotevu wa nguvu. Ukweli ni kwamba mpangaji programu wa miaka 22 hatakaa jioni zake akijifunza lugha inayotumika mahali pamoja tu duniani, na kazi ya kujitolea hufuata mapenzi kabla ya kufuata mantiki.

Je, basi, skripti iliyozeeka itiwe viraka au iandikwe upya? Waandishi wa programu wana ugonjwa wa kupenda kuandika upya. Msimbo wa mtu mwingine huonekana mchafu siku zote. Lakini uchafu huo mara nyingi ni kumbukumbu. Lile sharti la ajabu, tuseme katika mstari wa 412, linalosema kwamba siku ya Jumatatu subiri sekunde tatu zaidi, liliwekwa kwa sababu kuna Jumatatu moja seva ilichelewa na skripti ikanunua kitu mara mbili. Anayeanza upya hulifuta kwa furaha, kisha hulirudisha miezi sita baadaye baada ya hasara ileile. Hivyo kanuni ya kwanza ni kutia viraka, na kutia viraka kwa werevu: Greasemonkey ilipobadilika, wenyewe walitoa faili dogo la kuunganisha mfumo wa kale na mpya, na skripti nyingi zingeweza kuokolewa kwa kuligusa eneo la kumbukumbu peke yake. Wachezaji wengi walichagua njia fupi zaidi, wakahamia viongezo vingine, Tampermonkey au Violentmonkey, ambavyo viliendelea kuelewa amri za zamani.

Kanuni hiyo ina mwisho wake. Kiraka hakisaidii pale ambapo kile skripti ilichokuwa ikikifanya kimekatazwa. Hapo World of Warcraft ina somo ambalo halijapitwa na wakati.

Katika miaka miwili ya mwanzo ya mchezo huo, wachezaji waliokuwa wakiponya wenzao vitani walitumia kiongezo kiitwacho Decursive. Kitufe kimoja kilitosha. Kiongezo kilitafuta nani kati ya wapiganaji 40 amepigwa laana au sumu, kikachagua wa kuanza naye, kikachagua dawa, kikaitoa. Mponyaji alibaki kugonga kitufe kilekile kama anayetwanga. Mwezi Desemba 2006 kampuni ya Blizzard ilitoa sasisho la 2.0, lililoweka kinga ndani ya kiolesura: vita vikishaanza, kiongezo hakiruhusiwi kuchagua shabaha wala dawa, uamuzi huo lazima utoke kwa binadamu. Msimbo wa Decursive wa zamani ulikuwa umefikia ukingoni, na hakuna kiraka ambacho kingeuvusha.

Kilichofuata ndicho cha kuvutia. Decursive ilirudi ikiwa na umbo jingine: vijisanduku vidogo, kimoja kwa kila mwenzi, vinavyobadilika rangi mtu akipatwa na laana, na kila kitufe cha kipanya kikiwa kimeshapewa dawa yake. Mchezaji huona rangi, hubofya. Jedwali la laana gani huondolewa na dawa gani, na nani aokolewe kwanza, lilibaki. Kidole tu ndicho kilichorudishwa kwa mwenyewe. Mwandishi angeng'ang'ania kutafuta upenyo wa kuizunguka kinga ile, Decursive ingeishia hapo. Yeye alitenganisha kile ambacho skripti ilikijua na kile ilichokitenda, akaokoa cha kwanza.

Jamii iliyokuwa ikitengeneza otomatiki za mchezo wa RuneScape iliufikia uamuzi wa aina hiyo kwa njia nyingine. Ilikuwa ikitumia SCAR, programu ya msimbo uliofungwa iliyosoma rangi kwenye skrini, na juu yake ilijenga maktaba ya pamoja, SRL. Kutegemea programu isiyoonekana ndani kulipowachosha, walitengeneza yao ya chanzo huria, Simba, na kuihamishia maktaba ile. Skripti moja moja ziliandikwa, zikafa na kusahauliwa. Maktaba ndiyo iliyohama. Mchezo ulipobadilisha mahali pa mfuko wa vitu, marekebisho yalifanywa humo mara moja, badala ya kufanywa na kila mwandishi kwa wakati wake.

Ni haki kusema wazi kwamba RuneScape inakataza skripti za namna hiyo, na kampuni yake, Jagex, iliendesha operesheni kubwa mwezi Oktoba 2011 iliyovunja boti nyingi, yaani programu zinazocheza badala ya mtu, kwa siku moja. Anayezitumia huhatarisha akaunti yake na pia huharibu soko la wenzake. Sheria nayo ina meno: Glider, boti iliyouzwa kwa wachezaji wa World of Warcraft, iliingia kwenye kesi na Blizzard, ikashindwa katika mahakama ya Arizona mwaka 2008, na kufungwa mwezi Machi 2009. Mahakama ya rufaa mwaka 2010 ilitengua sehemu ya hukumu, lakini ikashikilia kwamba kuuza zana ya kukwepa ulinzi wa mchezo kulivunja sheria. Mtu anayeamua kurithi skripti ya kale hurithi pia uhusiano wake na mwenye mchezo, na kilichovumiliwa mwaka 2005 si lazima kivumiliwe leo.

Urithi mwingine unaosahaulika ni wa haki miliki. Skripti nyingi za zamani ziliwekwa mtandaoni bila leseni yoyote, mwandishi akidhani kuzitoa bure kunatosha. Hakutoshi. Bila ruhusa ya maandishi, msimbo ni mali ya aliyeuandika, na aliyetoweka hawezi kuombwa ruhusa. Anayetaka kuendeleza kazi hiyo hubaki kuchagua kati ya kuichukua kimyakimya, jambo linalofanyika kila siku, na kuandika yake akiangalia tu tabia ya ile ya kwanza. Mstari mmoja wa leseni ungemaliza tatizo.

Na kuna hatari ya mrithi mbaya. Skripti yenye watumiaji wengi na mwenye kazi aliyechoka ni windo zuri kwa mwenye nia ovu, kwa kuwa sasisho huingia kwenye kompyuta za watu bila kuulizwa. Stylish, kiongezo maarufu cha kubadilisha sura za kurasa za wavuti, kilibadilisha wamiliki, na mwaka 2018 Mozilla na Google walikiondoa kwenye maduka yao baada ya kubainika kuwa kilikuwa kikikusanya historia ya kurasa ambazo watumiaji walizitembelea. Hakikuwa cha michezo, lakini njia ni hiyohiyo. Skripti ya mchezo husoma ukurasa ambao mchezaji ameshaingia kwa nenosiri lake. Kuikabidhi kwa mtu asiyejulikana ni kumkabidhi na akaunti.

Kwa upande wa pili, njia ya kubadilisha skripti isiyozungumzwa sana ni ile ya mchezo kuimeza. Achaea, mchezo wa maandishi wa kampuni ya Iron Realms ulioanza mwaka 1997, ulikuwa na vita vya kasi kiasi kwamba asiye na skripti ya kujitibu hakuwa na la kufanya. Mfumo mmoja wa tiba, Svo, uliuzwa kwa fedha, kisha ukaachiwa huru na kutunzwa na jamii. Waendeshaji nao waliweka tiba ya otomatiki kwenye seva yenyewe, ikawa ya kila mtu. Tribal Wars imefanya hivyo kwa ladha tofauti: skripti za wachezaji zinaruhusiwa kwa masharti makali, mbofyo mmoja kwa tendo moja, huku msaidizi rasmi wa kupora vijiji akipatikana kwa wanaolipia. Otomatiki iliyokuwa kosa ikifanywa na mchezaji inakuwa huduma ikiuzwa na kampuni. Kibiashara inaeleweka. Kimaadili inaacha doa.

Blizzard imelisogeza jambo hili mbali kuliko wote. Mwaka 2025 ilitangaza kwamba kuanzia toleo la World of Warcraft liitwalo Midnight, viongezo havitaweza tena kuzichakata kwa uhuru taarifa za vita, na kwamba mchezo wenyewe utakuja na maonyo ya wakubwa wa vita, vipimo vya madhara na vifaa vingine ambavyo jamii ilikuwa ikijitengenezea kwa miaka 20. Timu ya WeakAuras, kiongezo kilichokuwa karibu cha lazima kwa wapiganaji makini, ilitangaza kuwa haitatengeneza toleo la Midnight. Wangeweza kuacha toleo lililonyofolewa nusu, linaloonyesha baadhi ya mambo na kunyamazia mengine, na watumiaji wangeendelea kulilaumu kwa miaka. Walisema mapema, wakaeleza sababu za kiufundi, na watu wakapata muda wa kutafuta njia nyingine.

Tangazo la namna hiyo ni kazi ya utunzaji pia, na hufanywa mara chache. Skripti nyingi hufa bila hata mstari mmoja wa taarifa, zikiwa bado na kiungo cha masasisho kinachoelekeza kwenye anwani ambayo siku moja malipo yake yatakoma na mtu mwingine kuinunua. Kukifuta kiungo hicho, kuandika toleo la mwisho lilifanya kazi kwenye mchezo wa tarehe gani, na kuweka leseni, ni kazi ya nusu saa kwa mwandishi anayeondoka. Akiisha kuondoka, mrithi wake hawezi kuifanya kwa niaba yake hata akiwa na mwaka mzima.